Mbwa wako anang'ata? Usikimbilie fimbo

Wadau, hapa Lushoto nina mtoto wa mbwa, miezi minne, hatulii! Kang'ata kandambili, khanga, mpaka vidole vya mdogo wangu. Mzee akasema ana kichaa, auawe. Jamani, hapana! Umri huo meno ya utoto yanang'oka, ufizi unamsumbua. Nampa kitambaa kibichi chenye fundo atafune. Aking'ata mkono naacha kucheza, nageuka. Ukikimbia anadhani ni mchezo. Ukimpiga anakuwa mwoga, na mwoga hung'ata kweli.

Ila kichaa cha mbwa kinaua: mchanje akifika miezi mitatu. Wangu keshachanjwa. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Mzee kaelewa. Wenu vipi?