Kivoi Naye Anastahili Filamu

Filamu ya The Phantom ya mwaka 1996 ilitokana na hadithi ya vibonzo aliyoianzisha Lee Falk mwaka 1936, kuhusu Mzungu mwenye barakoa anayelinda msitu na wenyeji wake. Sioni ubaya vijana wa Kitui na Makueni kuitazama. Linalonisikitisha ni kumsahau Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Mwaka 1849 alimkaribisha Krapf, naye mgeni akauona Mlima Kenya. Mwaka 1851 walivamiwa karibu na Mto Tana; Kivoi akauawa, Krapf akatoroka. Kuna kisa gani cha kusisimua kuliko hicho? Walimu, wahimizeni wanafunzi wakichore. Filamu huanzia karatasini, na asiyejisimulia husimuliwa na wengine.