Safari ya Bolti

Aprili 1909, wajukuu zangu, meli ilitia nanga Mombasa ikiwa imembeba Theodore Roosevelt. Hadi mwanzoni mwa mwezi uliotangulia alikuwa Rais wa Marekani. Sasa amekuja kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, kule Washington. Miongoni mwa silaha zake ilikuwemo Springfield, bunduki ya bolti inayotumia risasi ya .30-06. Hebu tuitazame kwa ndani, maana humo mna hesabu tamu.

Bolti ni chuma cha mviringo kilichokaa nyuma ya mtutu, kikiteleza mbele na nyuma kama komeo la mlango. Mpigaji akishafyatua, huinua mkono wa bolti na kuuvuta nyuma. Ndoano ndogo kwenye ncha yake hung'ata ukingo wa ganda tupu, hulichomoa, na ganda hurushwa nje. Papo hapo springi ya magazini husukuma juu risasi nyingine. Mpigaji akiirudisha bolti mbele, huikumba risasi hiyo kwa nyuma na kuipeleka mtutuni. Mkono ukishushwa, meno ya bolti hujifunga imara, ili baruti ikilipuka bolti isimrudie mpigaji usoni.

Sasa niambieni: bolti irudi nyuma kiasi gani? Haina budi kurudi hadi iwe nyuma ya risasi inayosubiri. Ikiishia njiani, itapita juu ya risasi bila kuisukuma, na mtutu utabaki mtupu. Kwa hiyo anayeamua urefu wa safari hiyo, na wa mtambo, yaani sehemu inayobeba bolti, ni risasi yenyewe.

Risasi ya .30-06 ina urefu wa milimita 85 hivi, nayo huhitaji mtambo mrefu. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa risasi ya .375 kwa wanyama wakubwa kama nyati. Hiyo hufika milimita 91 hivi, ikadai mtambo mrefu zaidi. Kisha baruti ikaboreshwa. Mwaka 1952 ikatoka .308 Winchester, yenye milimita 71 hivi, na nguvu zake zinaikaribia .30-06. Kwa risasi hiyo mafundi waliweza kutengeneza mtambo mfupi: chuma kimepungua, bunduki imekuwa nyepesi kidogo, na mkono unakwenda mwendo mfupi.

Je, risasi ndefu na fupi zinaweza kubadilishana mitambo? Risasi ndefu haiingii kabisa kwenye magazini ya mtambo mfupi. Fundi anaweza kutengeneza bunduki ya risasi fupi kwa mtambo mrefu, lakini mpigaji atavuta bolti mwendo mrefu bila sababu.

Tena msichanganye urefu wa mtambo na urefu wa mtutu. Bunduki ya mtambo mfupi yaweza kuwa na mtutu mrefu. Wala msidhani kwamba ufupi ni udhaifu. Mwaka 2001 Winchester walitoa .300 WSM: ganda lake ni fupi lakini nene, linabeba baruti nyingi, hata linaishinda .30-06 kwa nguvu huku likitosha kwenye mtambo mfupi. Basi mkitaka kujua kwa nini mashine imeumbwa hivi au vile, iwe bunduki, pampu au cherehani, anzeni kwa kuuliza imeumbwa ipitishe nini.