PAA KWANZA, JUA BAADAYE
Nasaha kwa wenye nyumba wanaotaka kuweka umeme wa jua juu ya vigae vya lami

Miongoni mwa neema ambazo Mwenyezi Mungu amewatandazia viumbe vyake pasipo kuwatoza thamani, nuru ya jua ni ya mbele kabisa. Humchomozea tajiri na maskini, wala haibagui kasri na kibanda. Lakini neema, hata iwe kubwa namna gani, humtaka mpokeaji awe na chombo kizima cha kuipokelea. Mwenye kukinga mvua kwa ndoo iliyotoboka hana haki ya kuilaumu mvua.

Maneno haya twayaandika hasa kwa ajili ya ndugu zetu wenye kusema Kiswahili ambao leo wamekaa Marekani na Kanada, wakajaaliwa kununua nyumba huko, na ambao mara kwa mara hubishiwa hodi na wauzaji wa umeme wa jua. Muuzaji huja na karatasi nzuri na hesabu tamu: bili ya umeme itapungua, jua ni la bure, tia sahihi hapa. Yote aliyosema yaweza kuwa kweli. Lakini mara nyingi lipo jambo moja ambalo hakulisema, nalo ni hali ya paa litakalobeba mzigo ule.

Liko tukio moja lililo maarufu ambalo lafaa kutufundisha. Tarehe 20 Juni 1979 Rais Jimmy Carter alizindua paneli 32 za kupashia maji moto kwa jua, zilizokuwa juu ya paa la Ikulu ya Marekani mjini Washington. Mwaka 1986, katika utawala wa Rais Ronald Reagan, paa lile lilifanyiwa matengenezo; paneli zikateremshwa, na kazi ilipokwisha hazikurudishwa. Watu wamesema mengi ya siasa juu ya habari hii, na siasa si shughuli yetu hapa. Sisi twachukua fundisho moja tu: paa likidai matengenezo, paneli hazina budi kushuka, na kilichoshushwa si lazima kipande tena. Ikiwa hayo yameifika nyumba ya rais, itakuwaje nyumba ya mfanyakazi mwenye watoto watano na deni la nyumba?

VIGAE VYA LAMI NI NINI

Nyumba nyingi za Marekani na Kanada haziezekwi kwa mabati kama zetu, wala kwa vigae vya udongo, bali kwa vigae vya lami. Hivi ni vipande vyembamba vya utando wa nyuzi za kioo, uliopakwa lami na kunyunyiziwa chembechembe za mawe upande wa juu. Vilianza kukatwa katika mji wa Grand Rapids, Michigan, mwaka 1903, na kwa kuwa ni rahisi kwa bei na vyepesi kupigilia, vikaenea nchi nzima. Hupangwa safu juu ya safu mfano wa magamba ya samaki, kila safu ikifunika misumari ya safu iliyo chini yake. Chini ya vigae kuna karatasi ya kuzuia maji, chini ya karatasi kuna mbao bapa, na chini ya mbao bapa kuna mbao nene za kenchi zibebazo paa lote.

Chembechembe zile si pambo. Hizo ndizo ziikingazo lami isiunguzwe na jua. Zikimomonyoka, lami hukauka, kigae hujikunja pembe kama jani la mgomba lililonyauka, kisha hupasuka. Basi jua lile lile tunalolitaka litupe umeme ndilo lililokuwa likilila paa letu miaka yote.

HESABU YA MIAKA

Jambo la kwanza kuuliza ni umri wa paa. Vigae vyepesi vya namna ya zamani kwa kawaida hudumu miaka 15 hadi 20; vile vizito vya siku hizi hufika 25 au 30, kwa kutegemea joto, theluji, upepo na mvua ya mawe. Paneli nazo hutengenezwa zidumu miaka 25 na zaidi. Hesabu hii hata mtoto wa shule ataiweza. Tuseme baba mmoja ana paa lenye umri wa miaka 15, lililotarajiwa kudumu 25. Imebaki miaka 10. Akiweka paneli leo, baada ya miaka 10 itambidi amlipe fundi wa umeme azishushe, amlipe mwezekaji aezeke upya, kisha amlipe tena fundi wa umeme azipandishe. Kushusha na kupandisha peke yake hugharimu maelfu ya dola. Faida aliyoikusanya kwa senti miaka yote ile, itatoka kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ikiwa umri uliobaki wa paa ni mfupi mno kuliko umri wa paneli, ezeka kwanza. Na ambaye mfuko wake hautoshi kuezeka nyumba nzima, asikate tamaa. Yawezekana kubadili vigae vya ubavu ule tu utakaofunikwa na paneli, ambao katika nchi zile mara nyingi ni ule unaoelekea kusini, na ubavu wa pili ukangojea zamu yake.

KULIKAGUA PAA

Mwenye nyumba hana haja ya kupanda juu ili ajue mengi. Na asimame uani kwa darubini, atazame kama mgongo wa paa umenyooka au umebonyea, kama viko vigae vilivyojikunja, vilivyopasuka au vilivyong'olewa na upepo. Achungulie mfereji wa upenu: akikuta chembechembe nyingi kama mchanga mweusi, ajue paa limeanza kuvua nguo yake. Kisha aingie juu ya dari na tochi wakati wa mchana. Atafute madoa ya maji, mbao zilizogeuka nyeusi, ukungu, misumari yenye kutu, na nuru yoyote ipenyayo pasipostahili. Akiukanyaga ubao akauona unabonyea, asiendelee, amwite mjuzi.

Ziko sehemu mbili ambazo hutangulia kuvuja kabla ya vigae vyenyewe. Ya kwanza ni mabati ya pembeni mwa dohani, na ya pili ni mipira inayozunguka mabomba ya hewa yatokezayo juu ya paa. Mpira wa bomba hukauka na kupasuka mapema kuliko kigae. Kuubadili leo ni kazi ya saa moja na fedha kidogo. Kuubadili kesho, ukiwa umefunikwa na paneli, ni kazi ya mafundi wawili na kutwa nzima. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi hapa twaona ukweli wa maneno yao kwa macho.

Halafu kuna habari ya uzito. Paneli pamoja na vyuma vyake huongeza kiasi cha kilo 15 kwa kila mita mraba, na hilo nyumba iliyojengwa vyema hulihimili. Lakini yako mapaa ambayo vigae vipya vilipigiliwa juu ya vigae vikuukuu. Kanuni za ujenzi katika sehemu nyingi za Marekani haziruhusu zaidi ya tabaka mbili, na tabaka la pili peke yake huweza kuwa na uzito kama wa paneli zote. Paa la namna hiyo lafaa livuliwe mpaka kwenye mbao, mbao mbovu zitolewe, ndipo liezekwe upya tabaka moja. Na kule ambako theluji hulala juu ya mapaa majira yote ya baridi, hapana budi mhandisi azipime mbao za kenchi kabla ya jambo lolote. Tena theluji huteleza upesi juu ya paneli na kuporomoka. Isiachwe iangukie mlangoni wapitapo watoto.

TUNDU NA MAJI

Sasa twafika penye kiini cha kazi. Ili paneli zisimame, fundi hulitoboa paa lililo zima, tena si tundu moja bali makumi. Kila tundu ni mlango wa maji, isipokuwa limefungwa kwa elimu.

Tundu halitobolewi popote. Lazima liangukie katikati ya mbao za kenchi, ambazo aghalabu hupangwa kwa nafasi ya sentimita 40 au 60. Fundi mwema hupima kutoka ndani ya dari, akazihamishia alama zake juu kwa chaki. Hutoboa kwanza kwa kekee nyembamba kuliko skrubu, ili mbao isipasuke, akajaza dawa ya kuzibia, ndipo akakaza skrubu nene ya kiasi cha milimita 8, ikazama ndani ya mbao nene kiasi cha sentimita 6. Upepo mkali huzivuta paneli juu kama utangavyo tanga la jahazi, na kinachozuia zisiruke ni skrubu hizo. Iliyokosa mbao ikashika ubao mwembamba tu, hiyo haikushika kitu. Tundu la makosa nalo lisiachwe kwa kupakwa gundi tu. Lifunikwe kwa kipande cha bati kilichopenyezwa chini ya kigae.

Na katika bati hilo ndimo ilimo siri yote. Ncha yake ya juu huingizwa chini ya safu ya vigae iliyo juu ya tundu, na ncha ya chini hulala juu ya safu iliyo chini. Maji yateremkapo hupita juu ya bati, yakarudi juu ya vigae, wala hayakutani na tundu. Huo ndio mpango ule ule wa magamba ya samaki. Fundi mvivu huliweka bati juu ya vigae vyote, akalizungushia gundi, akashuka. Siku ile halivuji, wala mwaka ule. Lakini gundi hukauka, na maji hayana haraka. Wazee wetu walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Ama kuvuja kwa paa si nafuu ya mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo twawausia wenye nyumba waombe picha ya kila tundu kabla halijafunikwa na paneli. Ombi hili halimvunjii fundi heshima. Fundi mwaminifu atalifurahia, kwa kuwa picha zile ni shahidi wake. Kazi hii nayo ifanywe siku ya wastani: katika jua kali vigae hulainika na kuchubuka chini ya viatu, na katika baridi kali hukauka na kuvunjika kama biskuti.

MKATABA NA FEDHA

Imekuwa ada ya wauzaji kuharakisha watu. Huko Marekani wengi walihimizwa kwa punguzo la kodi la asilimia 30 lililotolewa na serikali kuu kwa wenye nyumba. Lakini punguzo hilo lilikoma kwa matumizi ya baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Atakayelitaja leo kwa mwenye nyumba anunuaye mtambo wake mwenyewe, basi ama hajui au anadanganya.

Kwa nyumba ya Kiislamu kuna jambo zito zaidi. Mitambo mingi huuzwa kwa mkopo wa riba, na riba hukumu yake inajulikana. Tena si riba peke yake. Mwezi wa Agosti 2024, ofisi ya serikali ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha ilitoa taarifa kwamba ada zilizotiwa ndani ya mikopo ya namna hii mara nyingi hupandisha gharama kwa asilimia 30 au zaidi kuliko bei ya fedha taslimu. Basi mnunuzi aulize bei mbili, ya taslimu na ya mkopo, azitazame kwa pamoja. Huenda akaona kwamba ni heri kuezeka paa mwaka huu kwa fedha yake, akaweka akiba, na paneli zikafuata mwaka wa tatu, kuliko kupata vyote leo na kulala na deni miaka 25.

Na katika kila mkataba yaandikwe majibu ya maswali matatu. Paa likivuja palipotobolewa, nani atatengeneza, na kwa muda wa miaka mingapi? Paa likihitaji kuezekwa, nani atashusha paneli, na kwa bei gani? Je, dhamana ya vigae itabaki baada ya kutobolewa? Ahadi ya mdomo yaweza kuwa ya kweli, lakini dini yetu imetufundisha kuyaandika mambo ya deni na muda, wala hatuoni sababu ya kuacha mafundisho hayo mlangoni pa muuzaji.

NENO KWA VIJANA NA KWA WOTE

Vijana wetu wanapenda kazi za mikono, nasi twawapongeza. Wachukue kazi ya kupima, kuandika hesabu, kupiga picha, kusoma mkataba kwa niaba ya wazazi wasiojua vyema Kiingereza. Ama kupanda juu ya paa, hilo waachiwe wenye mkanda wa usalama na mafunzo. Kuanguka ndiko kunakoongoza katika kuua mafundi wa ujenzi huko Marekani, na hao ni watu wa kazi; basi ambaye si wa kazi, je?

Kamati za misikiti nazo zayahusu haya, maana fedha zao ni amana ya watu. Na wasomaji wetu wa Mombasa, Tanga na Unguja wasidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Bati lililoliwa na chumvi ya bahari halitofautiani na kigae kilichovuliwa chembe zake: vyote viwili husubiri kutobolewa tu vivuje. Anayetaka kupandisha paneli juu ya bati lenye kutu, na aanze na bati.

Jua halitakwisha kesho. Miaka mitatu ya kulitengeneza paa haitapunguza mwangaza wake hata kidogo, lakini mwezi mmoja wa pupa waweza kuitia nyumba maji kwa miaka mingi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzipokea neema zake kwa akili na subira, na azihifadhi nyumba zetu pamoja na waliomo. Amin.