Je, Wajua? Jiji Lililoinuliwa kwa Jeki

Je, wajua kwamba liko jiji ambalo wahandisi wake, walipoona mitaro ya majitaka haiwezi kuchimbwa kwenda chini, waliamua kulipandisha jiji lenyewe juu?

Jiji hilo ni Chicago, Marekani. Limejengwa ukingoni mwa Ziwa Michigan, mahali tambarare kama mkeka, na zamani ardhi yake iliyapita maji ya ziwa kwa futi chache tu. Mvua ikinyesha, maji hayakuwa na pa kwenda. Mikokoteni ilinasa matopeni, uchafu wa vyoo ukaingia visimani, na mwaka 1854 kipindupindu kikaua watu zaidi ya elfu moja katika mji ambao wakazi wake hawakufika hata laki moja.

Mwaka uliofuata akaitwa mhandisi Ellis Chesbrough, aliyekuwa akishughulikia maji ya Boston. Majitaka hutembea kwa mteremko, na Chicago haikuwa na mteremko. Basi Chesbrough akautengeneza. Mitaro ya matofali ilijengwa juu ya barabara zilizokuwapo, ikielekezwa taratibu kwenye mto unaopita jijini, kisha ikafukiwa kwa udongo na barabara mpya ikapita juu yake. Barabara zikapanda. Majengo yakabaki shimoni.

Hapo ndipo zilipoingia jeki, zile za kuzungusha kwa skrubu. Januari 1858 jengo la kwanza la matofali, lenye ghorofa nne na uzito wa tani zipatazo 750, liliinuliwa zaidi ya futi 6 kwa jeki 200, bila ufa. Lakini kazi iliyowatoa watu majumbani kwenda kutazama ilikuwa ya mwaka 1860, katika Mtaa wa Lake. Safu nzima ya maduka na ofisi, yenye urefu wa futi 320, iliwekewa chini jeki 6,000 na wanaume 600. Hesabu ni nyepesi: kila mtu jeki kumi. Ishara ikitolewa, wote walizungusha kidogo kwa pamoja, wakasubiri, wakazungusha tena. Kwa siku tano safu hiyo ikapanda futi 4 na inchi 8, na muda wote huo wateja waliingia na kutoka madukani kama kawaida. Waashi walikuwa chini, wakijenga msingi mpya katika nafasi iliyofunguka. Mmoja wa makandarasi wa kazi hizi mjini alikuwa George Pullman, ambaye baadaye jina lake lilivuma duniani kwa mabehewa ya kulala abiria.

Ninapofikiria wale watu 600, kinachonigusa si nguvu zao bali usikivu wao. Mmoja angezidisha mzunguko, ukuta ungepasuka.

Je, wajua kwamba mafanikio hayo yalizaa tatizo jingine? Mitaro ilimwaga uchafu mtoni, mto uliumwaga ziwani, na ziwa ndilo lililokuwa likinywewa. Chesbrough hakujificha. Alipendekeza maji yachotwe mbali, mahali ambapo uchafu haujafika. Kuanzia mwaka 1864 wachimbaji walitoboa handaki chini ya sakafu ya ziwa, lenye kipenyo cha futi 5 na urefu wa maili 2, yaani kilomita 3 na ushee. Kundi moja lilianzia nchi kavu. Jingine lilianzia ziwani, ndani ya boma kubwa la mbao lenye pembe tano, lililokokotwa juu ya maji kisha likazamishwa mpaka likakaa sakafuni. Wakachimba udongo mfinyanzi wakielekeana gizani, na walipokutana tofauti yao ilikuwa inchi chache. Maji yalianza kutumika mwaka 1867. Mnara wa mawe uliojengwa ufukweni kuficha bomba la kutuliza msukumo wa pampu ulikamilika mwaka 1869, ukasalimika katika moto mkubwa wa 1871 uliomeza sehemu kubwa ya jiji, na hadi leo umesimama katikati ya maghorofa.

Hata hivyo, jiji lilikua haraka kuliko handaki. Ukafuata uamuzi ambao ungali unasimuliwa: mto ugeuzwe, usiingie tena ziwani. Mfereji wa maili 28, kama kilomita 45, ulichimbwa kwa miaka minane ukikata mwinuko mdogo unaotenga maji ya ziwa na yale yanayokwenda Mississippi. Ulifunguliwa asubuhi na mapema tarehe 2 Januari 1900, kwa haraka na bila sherehe kubwa, kwa sababu jimbo la Missouri lililoko bondeni lilikuwa likijiandaa kwenda mahakamani kuuzuia. Nani angewalaumu? Uchafu wa Chicago sasa ulikuwa njiani kuelekea St. Louis, jiji la Missouri.

Kesi hiyo ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1906, na ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawajawahi kulisikia. Ili kujua kama vijidudu vinaweza kusalimika safari nzima, mapipa 107 ya bakteria wa aina inayotambulika kwa urahisi yalimiminwa mferejini tarehe 6 Novemba. Tarehe 4 Desemba, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, bakteria wa aina hiyo akapatikana kwenye mnara wa kuchotea maji wa St. Louis. Ungedhani Missouri imeshinda. Ilishindwa. Majaji waliona haijathibitika kwamba homa ya matumbo ya St. Louis ilitoka Chicago, tena miji ya Missouri yenyewe ilikuwa ikimwaga uchafu wake katika mto uleule. Kisheria naelewa. Lakini mama wa St. Louis aliyechota maji kwa ajili ya mtoto wake alistahili jibu lililo bora zaidi.

Utasikia pia kwamba mto uligeuzwa kwa sababu kipindupindu kiliua watu 90,000 mwaka 1885. Usiisadiki hadithi hiyo. Mvua kubwa ilinyesha kweli Agosti ya mwaka huo, lakini vifo hivyo havikutokea.

Je, wajua kwa nini mto huo hutiwa rangi ya kijani kila sikukuu ya Mtakatifu Patriki? Mafundi bomba walikuwa wakitumia rangi kufuatilia ni majengo gani yanayomwaga uchafu mtoni kwa siri. Mwaka 1962 mtu akapata wazo la kuitumia kwa sherehe. Mara ya kwanza walimwaga ratili 100, na mto ukabaki kijani kwa wiki nzima.

Chini ya barabara za Chicago kuna pia mahandaki ya zamani ya reli ndogo, yaliyochimbwa kiasi cha futi 40 chini kwa ajili ya kupitishia makaa na mizigo. Mwaka 1991 nguzo zilizopigwa mtoni karibu na daraja ziliuharibu ukuta wa handaki mojawapo. Ufa ulionekana miezi kadhaa kabla, na matengenezo yake yalikadiriwa kugharimu dola 10,000 tu. Yakacheleweshwa. Tarehe 13 Aprili 1992 mto ukaingia, maji yakajaa katika vyumba vya chini vya majengo ya katikati ya jiji, samaki wakaonekana humo, na hasara ikakadiriwa kufika dola bilioni moja.

Mvua nayo haijaacha kusumbua, maana mitaro ya Chesbrough hubeba maji ya mvua na majitaka katika bomba moja. Tangu mwaka 1975 yamechimbwa mahandaki ya maili 109 ndani ya mwamba, mengine yana upana wa kupita lori, na mwaka 2015 machimbo ya mawe ya Thornton yakafanywa bwawa la kupokea yanayofurika. Hata hivyo, ikinyesha mvua ya kupita kiasi na mto ukakaribia kufurika, wasimamizi huyafungua malango yaliyoko mdomoni mwake. Kwa saa chache mto huacha njia ya mwaka 1900 na kurudi ziwani.