Shaba Haiozi

Katika vihamba vya Kilimanjaro, mikahawa imepuliziwa dawa za shaba kwa miongo mingi, kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Dawa hizo zinafanya kazi, na mkulima anayezitegemea halaumiki. Ila mvua ikishaosha majani, shaba hushuka ardhini na kubaki hapo. Ni elementi, hakuna kijidudu kinachoweza kuivunjavunja. Hunaswa na mboji kwenye tabaka la juu, palepale maharage yanapopandwa chini ya migomba.

Ndani ya udongo huo, bakteria anahitaji shaba kidogo mno. Ikizidi, huvamia vimeng'enya vyenye vishada vya chuma na salfa, hukisukuma chuma nje na kuing'ang'ania salfa. Mwaka 2009 Macomber na Imlay, watafiti wa Marekani, waliionyesha hali hiyo ndani ya bakteria wa E. coli. Kimojawapo cha vimeng'enya vilivyoharibika hutumika kutengeneza leusini, na leusini ikikosekana protini hazijengeki. Madhara hayo yalitokea hata pasipo oksijeni, ingawa kwa muda mrefu oksijeni ndiyo iliyobebeshwa lawama.

Wapo bakteria wenye kinga. Protini iitwayo CueR ikihisi shaba huamsha jeni ya CopA, pampu ya kwenye utando wa seli inayoitoa shaba nje. Pampu hiyo hula nishati ambayo seli ingeitumia kukua.

Hasara kubwa, kwa maoni yangu, iko kwa wanaosalia. Ukihesabu bakteria tu, udongo unaweza kuonekana hai, kumbe waliobaki ni wale wanaoivumilia shaba, wawe wanamfaa mkulima au la. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2005 uliwakuta bakteria wa namna hiyo kwenye udongo uliotiwa shaba, na baadhi yao walihimili pia antibiotiki. Jeni za kinga hizo mbili zinaweza kusafiri pamoja, kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Kwetu, njia iliyo wazi zaidi ya kuipunguza ni miche inayostahimili magonjwa: Kenya ina Ruiru 11 tangu 1985, na kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, Kilimanjaro, kimetoa aina zake. Vyama vya ushirika vinavyopima ubora wa buni vipime na shaba iliyomo udongoni, kabla ya kugawa dawa ya msimu ujao.