Hesabu za Gari la Doria

Mwaka 1992 jeshi la Uingereza lilianza kutumia gari dogo la doria liitwalo Snatch Land Rover. Lilikusudiwa kwa mitaa ya Ireland ya Kaskazini, ambako askari walihitaji kukingwa na risasi na mawe, na uzito wake ulikuwa kiasi cha tani 4 tu. Gari hilo hilo ndilo lililopelekwa Iraki mwaka 2003, kisha Afghanistan, ambako adui alitega mabomu kando ya barabara na chini yake. Askari 37 walifia ndani yake katika vita hivyo viwili.

Dawa ilikwisha kujulikana. Bomu lilipukapo chini ya gari, hewa na mchanga husukumwa juu kwa kasi kubwa mno. Sakafu bapa hupokea karibu msukumo wote. Sakafu yenye umbo la herufi V huugawa, sehemu kubwa ikapita pembeni. Tena kadiri sakafu inavyoinuliwa kutoka ardhini ndivyo nguvu ya mlipuko inavyopungua kabla ya kuifikia. Rhodesia na Afrika Kusini zilikuwa zikiunda magari ya namna hiyo tangu miaka ya 1970.

Kwa nini basi askari walicheleweshewa? Wengi wangejibu upesi kwamba fedha hazikuwapo. Lakini vifaa vya dharura vya vita vililipiwa na Hazina kutoka katika akiba yake, nje ya bajeti ya kawaida ya Wizara ya Ulinzi. Tume ya Sir John Chilcot, iliyotoa taarifa yake mwaka 2016, iliona kuwa fedha hazikuwa kizuizi cha moja kwa moja. Haikuwa wazi ni nani hasa wizarani aliyepaswa kulitambua pengo hilo na kulitamka. Na ombi lisiloandikwa, hata Hazina karimu haiwezi kulilipia. Zaidi ya hayo, macho ya wakuu wa jeshi yalikuwa kwenye mpango mkubwa wa miaka mingi ijayo, ulioitwa FRES, wa kuunda jamii nzima ya magari mapya ya deraya. Gari la kesho lilimziba macho mpangaji asilione la leo.

Hitaji lilipotamkwa waziwazi, mwaka 2006, mambo yalikwenda mbio. Mwezi Julai Serikali ilitangaza ununuzi wa magari 100 ya Mastiff, yenye asili ya gari la Kimarekani liitwalo Cougar, na haikupita miaka kabla hayajaonekana vitani. Hata hivyo Mastiff huzidi tani 20. Hilo si gari la vichochoro wala la madaraja dhaifu ya vijijini, na kwa hiyo Snatch hazikuweza kuondolewa zote mara moja.

Ilibidi litafutwe gari jepesi lenye sakafu ya V. Mwaka 2010 yaliagizwa magari 200 ya Foxhound, kila moja likiwa na uzito wa tani 7.5 hivi, kwa pauni milioni 180. Mwanafunzi akigawanya ataona kuwa gari moja liligharimu pauni 900,000. Foxhound za kwanza zilifika Afghanistan mwaka 2012. Waingereza walimaliza mapigano yao huko Helmand Oktoba 2014.