Tanuri la Maiti Nalo Lina Heshima Yake

Ndugu msomaji, wale waliowahi kupita Masakta na vijiji vingine vya Hanang wanajua kwamba kaburi si shimo tu. Kwa Wadatoga, mzee aliyeheshimika sana hujengewa bung'eda, yaani kilima cha udongo juu ya kaburi lake, na shughuli hiyo huchukua miezi kadhaa. Mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalipofunguliwa huko katika miaka ya 1970, moja ya malalamiko mazito ya wafugaji hao lilikuwa ni kulimwa kwa makaburi ya wazee wao.

Mjini mambo ni mengine. Makaburi ya Lang'ata, jijini Nairobi, yalitangazwa kuwa yamejaa tangu miaka ya 1990, lakini mazishi yakaendelea. Jiji lilipotafuta eneo jipya huko Mavoko, zililipwa shilingi za Kenya milioni 283 kwa ardhi ambayo baadaye ilionekana haifai kwa makaburi. Mwaka 2010 kashfa hiyo ikafika mahakamani.

Hapo hapo Lang'ata lipo tanuri la umma la kuchomea maiti. Mwanasiasa Kenneth Matiba alichomwa hapo mwaka 2018. Profesa Wangari Maathai naye, aliyefariki mwaka 2011, alichomwa katika tanuri la Wahindu la Kariokor. Yeye hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, hivyo jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Je, tanuri la umma linahitaji nini ili lifae? Kwanza tujue linavyofanya kazi. Jeneza huingizwa katika chumba kilichojengwa kwa matofali ya kuhimili moto, na joto hufikia nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Baada ya saa moja na nusu hadi mbili hubaki mifupa, ambayo husagwa ikawa majivu ya kilo mbili au tatu hivi. Tanuri zuri lina chumba cha pili cha kuunguza ule moshi kabla haujapanda bombani. Chumba hicho kikikosekana au kikiharibika, masizi na harufu huwafikia majirani, na wafiwa huondoka na fadhaa juu ya msiba. Kwa hiyo fedha za ukarabati zianzie hapo.

Pili, pawe na tanuri la akiba, mafuta ya kutosha na jenereta, ili maiti isikae ikisubiri fundi. Tatu, kila maiti iingie na kibao chenye namba kisichoungua, na namba hiyo iandikwe daftarini, ili familia isikabidhiwe majivu ya mtu mwingine. Nne, pawe na banda la kukaa wafiwa, maji na choo. Tano, ada ibandikwe ukutani, kila mtu aisome, asiwepo wa kumnong'oneza mfiwa bei yake.

Wapo watakaosema huu si utamaduni wetu. Wana haki ya kusema hivyo. Uislamu hauruhusu kuchoma maiti. Kanisa Katoliki liliruhusu mwaka 1963, na mwaka 2016 likasisitiza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Hakuna anayepaswa kulazimishwa. Lakini kwa Mhindu, kuchomwa ndiyo maziko yake, na yeye pia ni mwananchi. Wapo na wengine waliochagua hivyo wenyewe, na wosia wa marehemu una uzito wake.

Ndugu msomaji, aliyejengewa kilima huko Hanang na aliyebaki kilo mbili za majivu mjini, wote ni wazazi wa watu. Halmashauri zetu zinapopanga barabara, masoko na shule, zikumbuke pia safari ya mwisho. Maiti haiwezi kulalamika. Ni juu yetu sisi tulio hai kuisemea.